Marehemu wa Namba Kumi na Nne

"Natoa taarifa," ilisema sauti kwenye simu, ya mwanamume aliyefunika mdomo kwa kitambaa. "Mzee wa namba kumi na nne, yule fundi bomba, amefariki. Tangu mwaka jana. Wanaficha. Humo amebaki binti yake na watoto wake wawili, na binti huyo ameishi na baba yake miaka saba mfululizo, majirani wote ni mashahidi. Marehemu alikuwa fundi ambaye hatapatikana tena. Bomba alilofunga yeye halivuji mpaka kiama. Alikuwa msikivu, mkarimu, mtu wa watu. Ni hayo tu. Mungu amlaze pema."

Bi Hodi alisikiliza rekodi hiyo kwa mara ya tatu akiwa amesimama uani, chini ya jengo lenyewe, kisha akairudisha simu mkobani. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya nyumba za umma. Jina la Bi Hodi alipewa na wapangaji, kwa sababu alikuwa akipiga hodi na kungoja aitikiwe, wakati wenzake walikuwa wakigonga mlango na kuusukuma kwa mkono huohuo.

Bosi wake alitaka jibu moja kati ya matatu: yupo, amehama, au amekufa. "Na usiniletee hadithi," alimwambia asubuhi. Bosi alikuwa mtu wa aina hiyo. Ungemwambia nyumba inaungua, angeuliza namba ya nyumba.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinamkereketa Bi Hodi kama mwiba wa samaki. Amefanya kazi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na wachongezi anawajua. Mchongezi hutaja kosa, hutaja mlango, na akiwa na nafasi hutukana kidogo. Huyu alitumia nusu ya simu kumsifu maiti.

Aliingia.

Watu wasiokaa kwenye majumba ya umma hudhani yamejaa vijana wavivu wanaocheza karata. Bi Hodi amezifungua nyumba hizo chumba kwa chumba, na vijana wavivu anawahesabu kwa vidole. Wengi ni bibi. Bibi na wajukuu, bibi na binti aliyeachwa, bibi peke yake na redio. Halafu wanaofanya kazi ambazo mji mzima hauwezi kukaa bila kufanyiwa: wafagia barabara, walinzi, wafua shuka za hospitali. Halafu wastaafu, ambao pensheni ya mmoja inalisha midomo minne na bado kuna wa tano anakuja Jumamosi. Kanuni ya ofisi ilikuwa fupi: kipato cha wote wanaolala chini ya paa moja kinajumlishwa, na kikivuka kikomo, wote nje. Kwa hiyo uongo wa humu ndani haukuwa mgeni kwake. Watu walikuwa wakimficha mume, wakimficha kijana aliyepata kazi. Maiti wa kufichwa alikuwa hajawahi kumpata, ingawa sababu ilionekana wazi. Mzee akifa kimyakimya, pensheni yake inaendelea kuliwa.

Ghorofa ya chini, dirisha la kwanza, alikaa mwanamke aliyeuza sabuni na viberiti na ambaye jengo zima lilimwita Redio. Nyuma yake bomba la jikoni lilikuwa likidondoka kwenye ndoo.

"Bi Hodi. Nani kafanya nini?"

"Hakuna. Nauliza habari za fundi bomba wa namba kumi na nne."

"Yule?" Redio akasogeza sabuni pembeni ili apate pa kuegemea. "Yule mzee ni pilipili. Ghorofa ya pili hawasemeshani naye. Ya tatu vilevile. Mimi aliniambia bomba langu lilifungwa na kinyozi. Nikamwambia basi litengeneze wewe, akasema hatengenezi kazi iliyoharibiwa na kinyozi."

"Nimesikia kuwa ni msikivu."

"Msikivu?"

"Mtu wa watu."

Redio alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha. "Watu wa wapi hao, mama? Wana subira."

"Umemwona lini mara ya mwisho?"

Hapo Redio akapunguza sauti, jambo ambalo halikumfaa, maana sauti yake ya chini ilifika getini. "Sitaki kusema. Ila nitasema. Mwaka jana, mwezi wa tatu, saa nane mchana, jua kali, watu wamejilaza. Nikatoa kichwa, nikaona godoro linapita ngazini huko juu. Limekunjwa, limefungwa kamba, zito. Upande mmoja binti yake, upande wa pili mtu kainamisha kichwa, sikumjua. Tangu siku hiyo mzee simwoni akikaa uani. Nikajiambia, mh. Ndani ya godoro lile kuna mtu."

"Lilikuwa linapanda au linashuka?"

"Linapanda."

"Sasa maiti huzikwa juu?"

Redio akafikiri. "Hilo nalo," akasema. Kisha akamuuzia Bi Hodi kiberiti, kwa sababu kila anayepata habari pale hununua kitu.

Namba kumi na nne ilikuwa ghorofa ya kwanza. Bi Hodi akapiga hodi, akangoja. Alifungua mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono imechubuka kwa dawa ya kufulia. Alikuwa mmoja wa wafua shuka za hospitali, na zamu yake ilianza mchana. Aliona beji, akashika mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba yupo?"

"Ametoka kidogo."

"Ameenda wapi?"

"Kunyoa."

"Basi nitamsubiri."

Binti akamwonyesha kiti na akabaki amesimama. Bi Hodi alikaa, akazungusha macho bila haraka. Vyumba viwili na jiko. Jikoni kulikuwa kimya; bomba lilikuwa limefungwa kavu. Sare mbili za shule zilikuwa zimeanikwa juu ya kamba ya ndani. Mlangoni, jozi tatu za ndala, moja ya mtu mzima na mbili ndogo. Kwenye dirisha la bafu, kikombe chenye miswaki mitatu.

"Baba analala chumba gani?"

"Hicho."

"Naomba nione."

Chumba kilikuwa na kitanda cha watoto na kabati. Sakafuni, kando ya ukuta, palikuwa na alama nne za miguu ya kitanda kingine, zimefifia kwa kufagiliwa. Hakuna koti kwenye msumari, hakuna miwani, hakuna wembe.

Bi Hodi alirudi kwenye kiti chake. Nyumba hii ilikuwa inamshangaza. Wanaoficha kuondoka kwa mtu kwa kawaida huacha viatu vyake mlangoni. Huweka kikombe chake mezani na koti lake ukutani, na wengine huwasha redio chumbani ili isikike kama anasikiliza. Binti huyu hakuweka hata kofia. Hakujiandaa kuficha chochote, au alikuwa hajui kudanganya. Hata lile la kunyoa alilisema akiangalia sakafu.

"Mwanangu, kaa. Nitakwambia kitu na usikurupuke. Ofisini wamepigiwa simu kwamba baba yako amefariki."

Binti alikaa kweli, ghafla. "Lini?"

"Mwaka jana."

"Aa." Akashusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja. "Mwaka jana. Basi siyo kweli. Nilidhani unasema leo."

Hilo Bi Hodi aliliweka mahali pake kichwani. Mtu anayemficha baba aliyekufa haogopi kwamba amekufa leo.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Nyumba hii imeandikwa jina lake. Akiwa amehama, inarudi ofisini, na wewe una mwezi mmoja wa kutoka na watoto. Akiwa amekufa, mambo ni tofauti. Mtoto aliyeishi na mzazi humu miaka mitano au zaidi anairithi. Wewe una saba. Nikirudi ofisini nikasema amekufa, hakuna atakayekugusa."

Binti aliitazama kamba yenye sare. Bi Hodi hakumharakisha. Alitaka kujua, na hamu yake ya kujua siku zote ilikuwa na subira kuliko yeye mwenyewe.

"Baba yangu yuko hai, mama."

"Nimekusikia. Umeelewa nilichokwambia?"

"Nimeelewa. Sina pa kwenda na watoto, na hilo nalielewa pia. Lakini siwezi kumzika mtu anayepumua, hata kwa vyumba viwili."

"Basi niambie yuko wapi."

"Amekwenda kunyoa," binti akasema, machozi yakimlengalenga.

Nje kwenye ngazi, Bi Hodi alisimama akipanga aliyonayo. Mzee alikuwa hai. Hakuwa akiishi namba kumi na nne. Godoro lake lilipanda, halikushuka. Na kuna mtu aliyetaka afe, ambaye alijua miaka saba ya binti na akaitaja bila kuulizwa, kama wakili. Huyo hakuwa adui wa binti. Adui angesema amehama.

Alipanda. Hakuuliza habari za fundi kwa mtu yeyote. Alibisha hodi, akasema ana kiu, akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyemnyima. Ghorofa ya pili, milango mitatu, mabomba matatu yakidondoka, moja kwenye ndoo, moja kwenye sufuria, moja limefungwa tambara. Ghorofa ya tatu, hivyohivyo, na mama mmoja aliyemweleza kwa kirefu kuwa wamelalamika ofisini mpaka wamechoka. Bi Hodi alikunywa, akaitikia, akaomba radhi kwa niaba ya ofisi. Tumbo lilikuwa limejaa maji mpaka linasikika akitembea.

Ghorofa ya nne, namba thelathini na moja, mlango ulifunguka bila bawaba kulia. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani na uso wa mtu aliyeona watu wengi wakiingia duniani na hakushangazwa na hata mmoja. Chumba kimoja na jiko.

"Naomba maji ya kunywa, mama."

Mkunga akafungua bomba, akajaza glasi, akalifunga kwa kidole kimoja. Bi Hodi alitega sikio. Hakuna tone.

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, vyote vya moto.

"Naomba nimsalimie na mwenye kikombe cha pili," akasema Bi Hodi.

Mkunga alimtazama, akatazama beji, akasogea pembeni. Nyuma ya pazia lililogawa chumba, kwenye ukingo wa kitanda, alikaa mzee mwembamba amevaa miwani, ndala miguuni, kidevu kimenyolewa vizuri. Spana ilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa chake, imepanguswa ikang'aa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kutoa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba wako. Umefariki mwaka jana."

Mkunga akaiweka birika chini. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akaachia mdomo wazi, kwa mshangao ambao mtoto wa shule angeona ni wa kuigiza. "Ajabu. Nani kasema?"

"Sijui. Kafunika mdomo. Kaongea mengi tu." Bi Hodi akanywa maji kidogo, maskini, hakuwa na pa kuyaweka. "Kasema marehemu alikuwa mtu mkorofi, na kwa upande wa ufundi alikuwa wa kawaida. Mabomba yake yalikuwa yanavujavuja, lakini alijitahidi."

"Sikusema hivyo," akasema mzee.

Hata yeye alisikia alichosema, maana alivua miwani na kuanza kuifuta.

Mkunga aligeuka polepole. "Ulimpigia nani simu, wewe?"

"Mama, ngoja nikueleze."

"Nieleze."

Alieleza, huku akimwangalia mkewe na si mpelelezi. Kwamba walioana mwaka jana mwezi wa tatu, mashahidi wawili na chupa nne za soda, hilo mkunga analijua. Kwamba tangu siku ile amekuwa akizipanga kanuni za ofisi kichwani kama mabomba, akitafuta zinapovuja. Akisema amehamia hapa juu, pensheni yake na ya mkunga zinajumlishwa, kikomo kinapitwa, wote wawili nje. Na kule chini, kwa kuwa amehama, binti na wajukuu nje. Ndoa moja, nyumba mbili zinavunjika. "Lakini nikifa," akasema, "binti anarithi. Na wewe unabaki mjane kama ulivyokuwa, na pensheni yako peke yako, chini ya kikomo. Nimeigeuza huku na huku. Maji yanapita mahali hapo tu."

"Na pensheni yako?" aliuliza Bi Hodi.

"Inakufa na mimi. Ndiyo haki. Nina mikono, nitafanya vibarua."

"Mikono hiyo," akasema mkunga. Mzee akaiingiza katikati ya magoti, lakini wote walikuwa wameiona inavyotetemeka. "Ungeniambia lini? Ningekuja kuambiwa na watu getini, pole mama, tumesikia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Nimeshamzika mume mmoja. Huyu wa pili nilimtaka akiwa hai."

Bi Hodi alimwonea mzee huruma, akajikasirikia kwa kumwonea. Alikuwa amekutana na watu waliodanganya kuhusu kipato, kuhusu watoto, kuhusu mguu mbovu, wote ili wapate nyumba au wabaki nayo. Aliyejitolea kufa, na pensheni yake kaishika mkononi, alikuwa hajamwona. Na jinsi alivyoharibu mpango wote kwa kushindwa kujisifu kwa kiasi.

"Mzee, nilikuwa kwa binti yako," akasema. "Nilimwambia kanuni ya urithi. Nilimwambia aseme tu umekufa na vyumba viwili ni vyake. Hana pa kwenda, na alikataa. Alisema hawezi kumzika mtu anayepumua."

Mzee alivaa miwani, akaivua tena. Machozi yalimtoka waziwazi na hakuyafuta.

"Kwa hiyo anajua?" aliuliza baadaye.

"Hajui ni wewe uliyepiga simu. Na mimi sitamwambia. Hilo utalibeba mwenyewe."

Sasa lilibaki jibu la Bosi. Bi Hodi alisimama dirishani akilitafuta. Akisema amehama, watu watano wangekuwa barabarani kabla ya mwezi kwisha, na jina lake ndilo lingekuwa chini ya karatasi. Akisema yupo, na siku moja mkaguzi mwingine akamkuta huku juu akinywa chai ya asubuhi, kazi yake ingekuwa imekwisha. Kusema uongo hakuwa tayari. Alikuwa hajawahi kuandika asichokiona, na hakutaka kuanza na kikombe cha chai.

Akaiangalia spana rafuni.

"Mzee, wewe ni fundi bomba."

"Ndiyo."

"Fundi bomba akikutwa nyumbani kwa mtu na spana mkononi, mtu mwenye akili atasema anafanya nini?"

Mkunga alielewa kwanza. Alichukua spana rafuni, akampa mumewe. Mzee aliishika, akasimama, akatazama bomba, akatazama wanawake wawili.

"Lakini bomba hili halivuji," akasema.

"Ndiyo shida yake," akasema Bi Hodi. "Mimi huandika ninachokiona. Fundi hawezi kutengeneza bomba lisiloharibika."

Wakamngoja. Kufa alikuwa amekubali, bila hata kumwambia mkewe. Hili la bomba ndilo lililomtoa jasho. Alilishika kama mtu anayemshika mtoto wake kumpeleka sindano, akageuza mkono ukaishia njiani, akasema raba ya ndani ya bomba ilikuwa mpya kabisa. Kisha akafumba macho na kugeuza robo. Tone likajikusanya mdomoni mwa bomba, likaning'inia, likaanguka.

"Nimeona," akasema Bi Hodi. "Godoro lirudi chini leo. Chakula cha jioni unakula kwa binti yako, na viatu vyako vinabaki mlangoni pake, kwa sababu utakuwa ndani kweli. Ukipanda huku, unapanda na spana. Na bomba hili lisipone."

"Lisipone mpaka lini?"

"Mpaka wabadilishe kanuni."

"Mpaka kiama, basi," akasema mkunga, akaweka sufuria chini ya bomba.

Bi Hodi alishuka ngazi polepole, kwa ajili ya maji yote yale tumboni. Alipofika ghorofa ya tatu simu ililia. Bosi hakusalimia.

"Yupo, amehama, au amekufa?"

"Yupo."

"Umemwona kwa macho?"

"Kwa macho. Nimemkuta kazini, anashughulika na bomba la ghorofa ya nne. Linavuja."

"Mzee kama yule bado anafanya kazi? Anaweza kweli?"

Ngazi za jengo lile hubeba sauti. Bi Hodi alijua hilo, na aliinua yake kidogo.

"Anajitahidi," akasema. "Ila ufundi wake ni wa kawaida tu."

Juu, ghorofa ya nne, mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Bi Hodi akasimama, akangoja, simu sikioni. Alimsikia mzee akivuta pumzi ndefu ya mtu mwenye mengi ya kusema. Kisha mlango ukafungwa, taratibu, na bawaba hazikulia.